Mzaramo Wetu wa Ng'ambo ya Ziwa

Bweni la Wanawake,
Chuo cha Walimu,
S.L.P. 61,
Kampala, Uganda.
12 Novemba, 1961

Mpendwa Mjomba Nkwabi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha Mama Chenge, kisha nyumba nzima ya Mkolani mpaka mbuzi waliofungwa uani. Mimi hapa ni mzima, homa imeniacha kabisa, nakula na kulala vizuri. Sijui ninyi. Goti la Mama Chenge linaendeleaje? Chenge amepona lile jipu? Na Bibi kule Sengerema, bado anakataa kwenda hospitali mpaka apatikane mtu wa kumbebea kiti chake? Nijibu haya yote kabla hujajibu mengine.

Leo ni Jumapili. Nimetoka kanisani, nimefua, nimekaa kitandani na karatasi sita, na zote nitazijaza kwa sababu nina jambo na wewe. Mjomba, wewe mtu wewe! Nilikuomba barua ya maana, barua ya mtu mzima anayeheshimika, ya kumwokoa mwenzangu asifukuzwe chuo. Ulichoandika unakijua mwenyewe. Nimetokwa na jasho jembamba mbele ya Wazungu kwa ajili yako. Sasa nataka nikueleze yote tangu mwanzo, maana ile barua yangu ya Septemba ilikuwa fupi mno, na najua ulibaki unajiuliza mpwa wako kaingia mkenge gani.

Kwanza ujue kwamba nchi hii nimeanza kuipenda. Januari, meli iliponishusha Port Bell, nilidhani nitapanda tena nirudi nayo siku hiyo hiyo. Kila kitu kilikuwa ndizi. Ndizi mchana, ndizi jioni, ndizi zilizopondwa zikafunikwa kwa majani yake zenyewe, na tumbo langu linalilia ugali wa mtama. Sasa nazila, tena zikichelewa naziulizia. Wanawake wa hapa wanapiga magoti kusalimu hata barabarani kwenye vumbi, na gauni zao zina mabega yaliyosimama wima. Mimi kupiga magoti nilifunzwa na Bibi kwa fimbo, kwa hiyo wakanipenda upesi.

Na ziwa ni lile lile. Hilo lilinichukua muda kulikubali. Ninyi mnalitazama kuelekea kaskazini, mimi nalitazama kuelekea kusini, maana yake tunatazamana ila maji yako katikati. Sato wa hapa wanaitwa ngege, lakini wakikaangwa wanajirudia kuwa sato. Siku ya kwanza nilipokula mmoja nilinyamaza mpaka nikammaliza.

Masomo ni matamu, Mjomba, siwezi kukuficha. Kuna mashine ya kunasa sauti. Unasoma Kiingereza, inazunguka, kisha inakurudishia maneno yako mwenyewe. Mara ya kwanza kusikia sauti yangu niliikataa kabisa. Nikasema huyo si mimi, huyo ni mama anagombana na watu sokoni. Kumbe ndivyo nilivyo siku zote na hakuna aliyeniambia.

Kila Jumanne na Alhamisi natembea hadi shule ya jirani kufundisha darasa la nne. Watoto arobaini na wawili, wao hawajui Kiswahili, mimi Kiganda changu ni cha kununulia karanga tu, kwa hiyo tumebaki na Kiingereza. Nikitaka wajue neno la kufungua, lazima nifungue kitu. Nikitaka wajue neno la kuruka, naruka. Alhamisi nimeruka dirisha na gauni langu la kanisani, na mwalimu mkuu alikuwa anapita nje. Watoto wamelishika neno hilo na hawatalisahau mpaka wazeeke. Narudi bwenini miguu inauma na moyo wangu mweupe.

Chuoni nako ni Kiingereza kitupu, kuanzia kengele ya asubuhi mpaka sahani za chakula cha jioni zioshwe. Hata ukiunguzwa na chai, unalia kwa Kiingereza. Anayesema lugha nyingine jina lake linaandikwa ubaoni. Sheria hii ikumbuke, maana ndiyo iliyotuponza.

Sasa nimfikie Mzaramo. Watanganyika chuoni tuko wawili tu, mimi na yeye. Anaitwa Shaibu Jumbe, mtu wa Kisarawe, mrefu, mwembamba, sauti yake inatangulia mlangoni kabla yake. Alichelewa kuripoti kwa wiki mbili. Wiki hizo mbili, Mjomba, kila mtu alikuwa akinisemesha kwa adabu. Samahani dada, tafadhali dada, pole dada. Nikaanza kujiona kama mgonjwa ambaye watu wamemkatia tamaa. Kisha siku hiyo nimesimama kwenye mstari wa chakula, kijana mmoja mgeni akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mwanza. Akauliza kama mimi ni Msukuma. Nikasema ndiyo. Akaweka sahani yake chini, akawatangazia watu wote, kwa Kiingereza kama sheria inavyotaka, kwamba wamshukuru Mungu pamoja naye, kwa kuwa amempata mtumwa wake aliyetoroka.

Nilitaka kumkumbatia. Badala yake nikamwambia kwamba mbwa akipotea siku nyingi husahau mwenye nyumba ni nani, ila asijali, nitamkumbusha. Tangu hapo tukawa hivyo kila siku. Akinikuta nasoma ananiuliza tangu lini mali imejifunza kusoma. Nikimkuta anakula namuuliza nani kamfungulia kamba. Wewe umekaa na Wazaramo miaka sita ulipokuwa kwenye kazi ya reli Dar es Salaam, hakuna haja ya kukufundisha. Lakini kosa letu ndilo hilo hilo, Mjomba. Hatukumweleza mtu yeyote. Wala hatukufikiri kwamba kuna cha kueleza. Kwetu kila mtu anajua kwamba Msukuma na Mzaramo ni watani tangu mababu zetu waliposhuka pwani na misafara, na kwamba mtani akikutukana hukasiriki. Hapa wako watu wa Uganda na Kenya na Waingereza, na hata mmoja hakuwa na habari hiyo. Miezi minane wote walikuwa wanasikiliza kwa Kiingereza safi jinsi mwanamume mmoja anavyomwita mwanamke mtumwa.

Mwanzoni mwa Septemba nilishikwa na malaria. Siku mbili sikuamka. Siku ya tatu nikajikongoja mpaka bwaloni. Shaibu kuniona tu akasimama akasikitika kwa sauti kubwa kwamba nimemtia hasara ya kazi, kwa sababu mali zangu alikwisha kuzigawa. Blanketi amelichukua yeye, kitanda amempa mpishi. Akasema lakini haidhuru, siku nitakapokufa kweli atavaa gauni langu lile la kijani, atalichezea ngoma mbele ya maiti yangu, na hakuna mtu wa kumzuia.

Mjomba, nilicheka mpaka uji ukanipalia. Nikakohoa, machozi yakanitoka, pumzi ikakata, nikatoka mbio nikiwa nimeziba uso kwa kanga. Basi. Watu hawakuona mtu anayecheka. Waliona mgonjwa anayelia.

Rafiki yangu wa chumbani ni Mganda, anaitwa Nalwoga. Msichana mwenye huruma sana, hata siafu hawakanyagi. Ndiye aliyekwenda kwa mlezi wa mabweni kunisemea. Simlaumu, naomba na wewe usimlaumu. Alikuwa na habari hizo moyoni tangu Februari, akisubiri nimwambie mwenyewe, akafikiri naogopa.

Mlezi wetu anaitwa Misi Harcombe. Ametoka kwao mwaka huu huu, ana uso mwekundu na daftari dogo ambalo haliachi. Akaniita ofisini, akanipa chai, akaniuliza kwa upole kama ni kweli Bwana Jumbe huniita mtumwa wake. Nikasema ndiyo, kila siku. Kama ni kweli alisema atachukua nguo zangu nikifa. Nikasema ndiyo, na ana haki. Akaandika. Nikaona mambo yanaharibika, nikajaribu kufafanua kwamba kwetu yeye anaruhusiwa kunitukana, na baba yake aliruhusiwa kumtukana baba yangu, na mimi sina ruhusa ya kukasirika. Akaandika yote hayo, tena akanishika mkono. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kumchimbia Shaibu kaburi. Nilitoka pale Kiingereza changu chote kimenisaliti, mimi ninayesomea kukifundisha.

Baraza la chuo likakaa siku ya pili. Mkuu wa chuo, Misi Harcombe, na Bwana Odera, mkufunzi wetu kutoka Kisumu. Wakamwambia Shaibu kwamba chuo hakiwezi kumpa cheti cha kufundisha watoto mtu anayemtisha mwanamke mbele ya watu. Akajitetea kwamba ni utani. Wakamuuliza nani mwingine anayeujua huo utani. Akanionyesha mimi. Wakasema mimi sihesabiki, kwa sababu ndimi ninayetishwa. Bwana Odera akashauri wapewe ushahidi wa mtu mzima wa kwetu, asiye mwanafunzi, na Mkuu akatoa wiki tatu. Barua isipofika, Shaibu anarudi kwao. Hadi hapo asiingie darasani na ale peke yake.

Ndipo nilipokuandikia zile sentensi tano. Nani mwingine ningemwandikia? Wewe ndiye uliyekwenda kuniombea ruhusa kwa wajomba wengine waliposema msichana havushwi ziwa. Wewe ndiye uliyesema Getruda hataleta aibu.

Wiki hizo tatu ndizo mbaya kuliko zote tangu nifike huku. Shaibu alibadilika. Tukikutana njiani aliniambia habari za asubuhi, Bi Getruda. Basi, hilo tu, kisha anapita. Nilimtukana mara mbili kwa makusudi ili anijibu, akainama akasema asante. Mjomba, sijapata kuumizwa na maneno kama nilivyoumizwa na ile asante. Kijana huyo amefundisha miaka minne shule ya msituni, darasa moja watoto themanini, ili apate nafasi hii. Na atakayempotezea ni mimi, kwa sababu ya kikombe cha uji.

Barua yako ikafika zikiwa zimebaki siku mbili. Iliandikwa kwa Mkuu, imefungwa, kwa hiyo sikuisoma. Niliona tu mwandiko wako kwenye bahasha, nikapiga magoti mbele ya sanduku la barua. Nalwoga akadhani nasalimia mtu. Siku ya baraza nilivaa lile gauni la kijani, nikaingia kifua mbele.

Mkuu akasema barua imeandikwa kwa Kiswahili, na kwa kuwa mimi nasomea lugha, nitaifasiri hapo hapo kwa sauti, na Bwana Odera, ambaye Kiswahili anakijua vizuri, atakuwa nyuma yangu akifuatisha. Nikaichukua. Salamu zako zilikuwa nzuri, nikazisoma vizuri. Nikafika aya ya pili, macho yakatangulia, moyo ukanidondoka. Nimeinakili ili uione kwa macho ya mtu mwingine:

"Ndiyo, huyo Mzaramo ni wetu. Babu zake waliwanyima babu zetu maji ya kunywa pwani, nasi tangu siku hiyo tukawafanya mali yetu. Kama amekosa, mpigeni, amezoea. Kama hana faida tena, msimtupe, nileteeni ngozi yake niwambe ngoma ya uhuru."

Mjomba. Nilikuomba umwokoe mtu. Hukuweza kujizuia hata kwa aya moja?

Niliruka. Nakiri. Nikasoma kwamba ndiyo, huyo Mzaramo anafahamika kwetu, nikataka kukimbilia aya ya tatu. Bwana Odera akakohoa, akasema nimesahau mistari mitatu. Nikamtazama Shaibu. Alikuwa amekaa kwenye kiti kilichowekwa peke yake katikati ya chumba, suruali imepigwa pasi, mikono magotini. Akaniambia kwa Kiswahili, bila kujali ubao wala nini, "Soma kama ilivyoandikwa, Getruda. Usimpunguze mzee."

Nikasoma. Nikafasiri maji, nikafasiri mali, nikafasiri ngozi. Misi Harcombe alifunika mdomo. Mkuu alivua miwani. Mimi nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Na Shaibu, ambaye kwa wiki tatu hakucheka, alianza kutikisika mabega. Akajizuia, akashindwa. Alicheka, Mjomba, alicheka mpaka akashikilia kiti, machozi yanamtoka, na katikati ya kicheko akawa anasema, "Ya uhuru! Niwe ngoma ya uhuru!" Wote wakabaki wanamkodolea macho. Nadhani walikuwa hawajaona mtu anayefurahi hivyo kwa kuambiwa atachunwa ngozi.

Mkuu akasema niendelee. Aya ya tatu nayo nimeinakili, na hii sikukulaumu:

"Lakini mkimfukuza, msimwache ahangaike mjini kwenu. Mpandisheni meli ya kuja Mwanza mniletee habari. Nitakuwa gatini mimi mwenyewe. Atakaa kwangu Mkolani, atakula tunachokula na kulala tunapolala, mpaka apate treni ya kwenda pwani. Na kama ziwa likimchukua njiani, nijulisheni siku hiyo hiyo, maana kumzika ni kazi yangu."

Nikaimaliza kwa shida.

Mkuu akamuuliza Shaibu kama amewahi kuonana na mzee huyu. Akasema hapana, hata jina lake amelisikia leo tu. Misi Harcombe akauliza swali ambalo ningemuuliza mimi kama ningekuwa yeye. Mtu anayetaka ngozi yako, kwa nini aje kukupokea bandarini?

Shaibu akajibu polepole, Kiingereza chake kimenyooka kuliko siku zote. "Kwa sababu ni mtani wangu, Misi. Ndugu yangu anaweza kunikasirikia asije. Huyu hana ruhusa ya kunikasirikia."

Hapo nami ulimi ukafunguka. Nikawasimulia msiba wa Babu, nilipokuwa na miaka saba. Tulivuka kwa kivuko cha Kigongo alfajiri kwenda Sengerema, mama analia njia nzima, haoni, hasikii. Tulipofika, yule Mzaramo aliyekuwa akiuza sufuria sokoni alikuwa amekwisha kuvaa koti la Babu na kofia yake, anazunguka uani na fimbo ya Babu, anafoka kwa sauti ya Babu kwamba nani ameiba ugoro wake. Mama alisimama mlangoni. Kisha akacheka, na alipocheka ndipo akakubali kunywa maji. Nikawaambia mtu yule ndiye aliyechimba kaburi, na ndiye aliyekesha nasi mpaka watu wote walipoondoka. Niliyasema yote bila kuhangaika kutafuta maneno. Bwana Odera ananiambia nilizungumza robo saa nzima, na sikukosea isipokuwa mahali pawili ambapo hata yeye hukosea.

Wakatutoa nje. Tulipoitwa tena, Mkuu akasema Bwana Jumbe anabaki. Ila ana adhabu, na mimi pia, kwa kuwatisha watu miezi minane bila maelezo. Ijumaa tuufundishe utani chuo kizima, kwa Kiingereza, ukumbini, na somo hilo litahesabiwa katika mazoezi yetu ya kufundisha.

Tulilifundisha, Mjomba! Ungekuwepo! Tulipanga kuwa Shaibu ataeleza na mimi nitauliza maswali, lakini mpango ulivunjika dakika ya tatu aliposema Wasukuma walikuja pwani bila viatu na mpaka leo wanavibeba mkononi. Nikamjibu, akanijibu, ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Nalwoga alicheka na kulia kwa pamoja, akaja mbele kuniomba msamaha, nikamwambia ana haki ya kupewa zawadi kwani bila yeye nisingejua kwamba naweza kusema Kiingereza nikiwa na hasira. Misi Harcombe aliandika daftari zima. Baadaye akanifuata bwenini, akaniuliza kwa haya kama Waingereza nao wanaweza kupata watani. Nikamwambia asubiri kwanza uhuru wetu wa tarehe tisa Desemba upite.

Alicheka. Alichelewa kidogo, lakini alicheka.

Na sasa tarehe tisa, siku ishirini na saba zimebaki! Huku tunazihesabu kwa chaki mlangoni. Waganda na Wakenya wanatuonea wivu waziwazi, maana wao bado wanasubiri zamu yao. Mkuu ameturuhusu kupandisha bendera yetu kwa siku moja mbele ya bwalo. Ninaishona mwenyewe. Kijani nimeipata, nyeusi nimeipata, ile njano imekuwa kazi, mpaka Misi Harcombe akatoa pazia lake. Mimi nitaimba na Shaibu atavuta kamba. Angefukuzwa, ningevuta kamba na kuimba peke yangu, na sijui sauti ingetoka wapi. Niandikie Mwanza mnajiandaaje. Ni kweli kutakuwa na mashindano ya ngalawa na fataki ziwani? Chenge amenunuliwa shati? Usiniache gizani, naumwa kwa hamu.

Kuna jambo la mwisho, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu leo.

Baada ya baraza Shaibu alibaki nyuma, akamwomba Mkuu ampe ile barua yako. Nilidhani anataka kuitunza kama ushahidi. Mkuu akampa. Sasa hapa barua hugawanywa Jumamosi, tunasimama chini ya ngazi, karani anaita majina. Shaibu alikuwa haikosi hata Jumamosi moja. Anakuja, anatutania sisi tunaopokea, anatusomea bahasha zetu kwa sauti, anacheka, anaondoka. Mimi nikajua anakuja kwa ajili ya kelele. Jumamosi ya wiki iliyopita ndipo nilipomuuliza mbona yeye jina lake haliitwi. Akanieleza kwa kifupi tu. Baba alikufa zamani, mama hajui kusoma wala kuandika, na pale kijijini yeye Shaibu ndiye aliyekuwa akiwaandikia watu barua. Alipoondoka, aliondoka na kalamu ya kijiji.

Miezi tisa na ushee, Mjomba, barua yako ndiyo ya kwanza kufika humu inayomtaja. Anatembea nayo kwenye mfuko wa shati. Imeanza kukatika kwenye mikunjo. Jana jina langu lilipoitwa kwa barua ya mama, alinisogelea akaniuliza, bila utani wowote, kama yule mzee wa gatini ameandika tena.

Kwa hiyo mwandikie. Si kwangu, kwake, jina lake juu ya bahasha, Shaibu Jumbe, ili karani aliite mbele ya watu. Nilikugombeza huko juu na sasa najirudi. Usiandike kama mtu mzima anayeheshimika. Mtukane vizuri, Mjomba, karatasi mbili au tatu, maana huku hana mtu mwingine wa kumtukana ila mimi, na mimi nina masomo.

Nisalimie Mama Chenge na goti lake, Chenge na shati lake, mama yangu Tereza umwambie barua yake imefika na nitaijibu Jumatano, Bibi wa Sengerema umpigie magoti kwa niaba yangu, na Mzee Mihayo jirani umwambie redio yake naikumbuka kuliko anavyonikumbuka yeye. Mungu awalinde ninyi nyote, awafikishe tarehe tisa mkiwa wazima, na awape mvua ya kutosha pamba isiyo ya kuvunja nyumba.

Ni mimi mpwa wako akupendaye, ambaye hajaleta aibu bado,

Getruda

Mzee Nkwabi,

Mtumwa wangu huyu amekwenda kutafuta stempu, ameacha karatasi wazi kwenye meza ya bwalo kama kawaida ya watu wa kwenu, nami nimeona nafasi hapa chini. Nimeisoma barua yako mpaka naijua kwa moyo. Ngozi bado naitumia, kwa hiyo uhuru mtapigia debe. Masomo yanaisha Julai. Nauliza jambo moja tu, nalo unijibu kweli: mtu ambaye hakufukuzwa, naye akishuka Mwanza, utakuwa gatini?

Shaibu Jumbe